Msimu wa Mkasi

SEHEMU YA KWANZA

Dola 725. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya kuomba uraia wa Marekani mwaka huo wa 2023: dola 640 za fomu na 85 za alama za vidole. Rehema alishazipata pesa hizo mara mbili, na mara zote mbili zikamponyoka. Za kwanza ziliishia kwenye kodi ya chumba mjini Sacramento. Za pili zilikwenda Muheza, mkoani Tanga, kwa mama yake, ambaye figo zilikuwa zimeanza kumsumbua na daktari wa hospitali ya Bombo alishamwandikia vipimo vingi.

Rehema aliingia Marekani Novemba 2018 kwa bahati nasibu ya viza. Mwenye grini kadi kama yeye hungoja miaka mitano ndipo aombe uraia, ingawa anaruhusiwa kupeleka fomu siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia. Kwa maana hiyo tangu Agosti njia ilikuwa nyeupe, akisubiri pesa tu. Na ghala alilokuwa akifungasha mizigo lilishampunguzia zamu, kutoka siku tano kwa wiki hadi mbili.

Ndipo Mutua akapiga simu. Mutua ni Mkamba wa Machakos, walizoeana hapo ghalani kabla hajaacha kazi na kutokomea milimani.

"Dada, kuja Humboldt," alisema. "Msimu umeanza. Ni kutrimu tu. Unakaa kwa kiti, unashika mkasi, unakata majani kwa maua, jioni wanakupimia. Na ni kazi halali, iko na laisensi."

"Maua gani?"

"Bangi, dada. Bangi ya laisensi."

Rehema hakujibu. Alipokuwa darasa la sita aliwaona polisi wakimpitisha jirani yao katikati ya soko la Muheza, pingu mikononi, gunia la ushahidi kichwani. Hakumwona tena mpaka alipomaliza sekondari.

Msomaji, nataka umfahamu Rehema mapema. Hakuwa mtu wa njia za mkato. Usiku ule hakulala, alikaa na simu akisoma. Akajua kwamba wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 64 Novemba 2016, na kwamba maduka yakaanza kuuza bangi kwa watu wazima tarehe 1 Januari 2018. Akajua kwamba shamba haliwi halali kwa maneno ya mwenyewe: lazima liwe na kibali cha kaunti na leseni ya Idara ya Udhibiti wa Bangi, iliyoundwa Julai 2021, na kwamba leseni hizo mtu yeyote anaweza kuzitafuta mtandaoni. Akamwomba Mutua namba ya leseni. Akaitafuta. Ipo, na iko hai. Mfanyakazi lazima awe ametimiza miaka 21. Yeye ana 29. Kila alichojua kukiuliza alikiuliza, na kila kitu kikajibiwa vizuri.

Alfajiri ya Jumatatu akapanda treni hadi Martinez, kisha basi la kaskazini linalofuata barabara ya 101. Baada ya Ukiah milima ikaanza kubana. Baada ya Leggett ikaja ile miti mikubwa ya redwood, vigogo vyake vyekundu vinene kuliko chumba alichopanga, na ubaridi wake ukapenya hadi ndani ya basi. Watu wa huko wanaziita kaunti tatu za Humboldt, Mendocino na Trinity kwa jina moja, Pembetatu ya Zumaridi. Vuli ikifika, mji mdogo kama Garberville ulizoea kujaa wageni wanaotafuta vibarua. Rehema aliposhuka aliwakuta wamekaa kando ya barabara na mabegi yao: vijana wa Hispania, Waajentina, Wafaransa. Wengine walikuwa wameshika vipande vya boksi vilivyochorwa mkasi. Mkasi tu, bila neno lolote.

Mutua hakuwepo. Simu yake haikupatikana. Rehema akaingia sheli, akanunua maji, akamwambia keshia, "Akija mtu anaitwa Mutua, mwambie Rehema yuko nje hapa." Keshia akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Nyuma yake watu walipanga foleni, mmoja amebeba mifuko miwili ya barafu.

Haikupita robo saa, pikapu nyeupe iliyojaa matope ikasimama mbele yake. Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

"Wewe ndiye Rehema? Mutua kanituma. Amebanwa na kazi."

Jina lake. Jina la Mutua. Rehema akatupa begi nyuma ya pikapu, akapanda.

Wakashika barabara ya Alderpoint, lami ikaisha, vumbi likaanza. Dereva hakuwa mtu wa maneno. Kila walipopinda kona alama za mtandao zilipungua kwenye simu ya Rehema, moja baada ya nyingine, mpaka hazikubaki. Walipofika juu ya kilima simu ikadaka mtandao kidogo, ikatikisika mkononi mwake. Ujumbe wa Mutua, umetumwa dakika ishirini nyuma:

"Dada niko hapa sheli na gari. Keshia anasema ulikuwa nje. Umeenda wapi?"

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Rehema yumo ndani ya gari la mtu asiyemjua, na Mutua yuko Garberville akimsubiri.

Hakupiga kelele. Aliiweka simu katikati ya mapaja, skrini chini, akatazama mbele. Kule nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kitu kilikuwa kinadondosha maji kidogo kidogo. Barafu. Mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Alikuwa amemtajia majina yote mawili kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba Kiingereza chake hakieleweki upesi.

"Shamba lenu namba yake ya leseni ni ipi?" aliuliza, kana kwamba anaulizia hali ya hewa.

"Leseni ni za wenye pesa," dereva akajibu. "Huku tunalima kama tulivyolima siku zote. Utalipwa msimu ukiisha, wote kwa pamoja. Na simu utampa bosi. Huko juu simu zote anazishika yeye."

Hapa niseme ninachokiamini. Mtu wa milima ile aliyeshindwa kupata leseni namwonea huruma. Vibali ni vingi na vina gharama: maji, mazingira, kaunti, jimbo. Kisha bei ya jumla ikaporomoka kuanzia 2021, mashamba makubwa yakafurika sokoni, na wengi waliolima maisha yao yote wakajikuta nje ya sheria iliyosemekana kuwaokoa. Lakini anayemnyang'anya kibarua simu na kumwahidi malipo ya mwisho wa msimu, huyo hana utetezi kwangu. Katika milima ile wapo vibarua waliokata mwezi mzima wakaondoka bila senti, kwa sababu anayefanya kazi iliyofichwa hajui pa kwenda kushtaki.

Wakafika kwenye geti la chuma lenye mnyororo. Dereva akashuka, akafungua, akarudi, akaingiza gari. Mbele yao mabanda ya plastiki yalikuwa yamejipanga kwenye mteremko, kuta zake zimekunjwa juu, na Rehema akaiona bangi kwa macho yake mara ya kwanza tangu gunia lile la Muheza. Mimea ilikuwa mirefu kumzidi, imeelemewa na maua mpaka imefungwa kamba isivunjike. Akatazama mashina. Mutua alishamwambia kwenye simu: shamba halali, kila mmea unaotoa maua una lebo ya plastiki yenye namba yake, na namba hiyo serikali inaifuatilia tangu shambani mpaka dukani. Akatazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna lebo hata moja.

Dereva akashuka tena kwenda kufunga geti.

Rehema alikuwa na pochi begani: pasipoti, grini kadi, dola arobaini. Begi lenye nguo lilikuwa kule nyuma. Akalisamehe. Akafungua mlango taratibu, akainama, akapita nyuma ya banda la kwanza, akaruka waya, kisha akaanza kukimbia kuteremka.

Nyuma alisikia mtu anaita, halafu wawili. Hakugeuka. Kulikuwa na mpira mweusi wa maji uliolala kwenye majani makavu, ukiteremka bondeni, naye akaufuata kwa imani kwamba maji hayawezi kukosa mwisho. Alianguka, akachanika kiganja, akainuka. Jua likazama kwa haraka ya milimani. Alipofika kijitoni mpira ule ulikuwa hauishii mtoni: ulivuka mawe, ukapanda ng'ambo, ukaingia kwenye tangi kubwa la kijani lililokuwa kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Akashika ukingo wa tangi kupumzika. Mwanga mkali ukampiga usoni.

"Usisogee," ilisema sauti ya mwanamke mzee, na chini ya mwanga ule Rehema aliona mdomo wa bunduki. "Kwa hiyo ni wewe unayeniibia maji."

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Rehema ametoroka shamba lisilo na leseni na kuangukia mbele ya bunduki.

Kilichomwokoa ni kiganja chake. Aliinua mikono juu, damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko, na bibi yule akashusha taa.

"Wamekuleta kwa pikapu nyeupe?"

"Ndiyo, mama."

Bunduki ikashuka. Kwa wiki nzima bibi huyo alikuwa akikuta tangi lake limekauka asubuhi. Alimwingiza Rehema jikoni, akamsafisha jeraha kwa spiriti, akapiga simu ya mezani sheli ya Garberville kumtafuta Mutua. Wakati wakisubiri alimsimulia. Alikuja milimani miaka ya 1970 na vijana wenzake waliokimbia miji, wakijenga vibanda na kulima mboga, na bangi katikati ya mboga. Kuanzia 1983 zikaja helikopta za serikali kila vuli kufyeka. Mwaka 1996 California ikaruhusu bangi ya tiba, yeye akabaki. Sasa ana leseni, na lebo kwenye kila shina, na deni.

Mutua alifika karibu na saa sita ya usiku, akashindwa hata kusalimia, akamshika tu Rehema mabegani. Walipokuwa wanaondoka bibi akavua koti lake la turubai la kazi, la kahawia, mifuko minne, akamvika Rehema. "Begi lako hutaliona tena," alisema. "Chukua. Baridi ya huku haibembelezi."

Kesho yake Rehema alianza kazi kwenye shamba alilofanyia kazi Mutua, lile aliloliona kwenye orodha ya leseni. Alijaza fomu ya haki ya kufanya kazi, akaonyesha grini kadi, akajaza fomu ya kodi. Alionyeshwa kopi ya leseni iliyobandikwa ukutani. Choo safi, maji ya kunywa, mapumziko yanayolipwa. Mtu aliyeponea pikapu nyeupe jana yake angeona nini zaidi ya usalama?

Chumba cha kutrimu kilikuwa banda refu lenye taa nyeupe na meza mbili ndefu. Kila mtu ana trei mapajani, wavu juu, sahani ya vumbi la maua chini. Mkasi wenyewe ni mdogo, una springi, ncha yake imechongoka ili ipenye kati ya vikonyo. Unashika tawi lililokaushwa, unang'oa ua, unalizungusha kwa vidole vya kushoto huku kulia kunakata: majani yanayochomoza yanaondoka, yale madogo yaliyolala juu ya ua yanasawazishwa, usikate nyama. Ukikata sana unapoteza uzito, ukikata kidogo msimamizi anakurudishia. Baada ya nusu saa utomvu unaganda kwenye mkasi mpaka haufunguki. Unauchovya kwenye glasi ya spiriti, unaukwangua, unaanza upya. Utomvu huo unaingia kwenye glavu, kwenye nywele, kwenye mshono wa koti. Haunawiki. Mutua alimwonyesha namna ya kujipaka mafuta ya nazi kwanza ndipo anawe kwa sabuni, na hata hivyo harufu ilibaki.

Siku ya kwanza hakufikisha ratili moja. Wazoefu walikata mbili. Jioni msimamizi aliweka kila mfuko kwenye mizani, akaandika uzito na namba ya fungu. Wakongwe walikumbuka enzi za kabla ya sheria, ratili moja ikilipwa hadi dola 200. Sasa inalipwa nusu ya hapo au pungufu, na mashine za kukatia zimeingia. Kitu kimoja kimebadilika kwa faida ya kibarua: hata ukilipwa kwa ratili, sheria ya California haikubali malipo yako yashuke chini ya kima cha chini kwa saa, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 15.50. Rehema, mwenye mikono ambayo bado haijazoea, aliokolewa na kipengele hicho wiki nzima ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa ameshaipita.

Mama yake alipiga simu kila Ijumaa.

"Mwanangu, kazi gani hiyo ya milimani?"

"Shambani, mama. Navuna maua."

"Kama yale ya Arusha?"

"Kama yale, mama."

Na mama akawaeleza majirani wote kwamba binti yake anavuna maua Marekani.

Mwisho wa meza alikaa mzee mmoja asiyezungumza na mtu. Alikata polepole, safi kuliko wote. Rehema alidhani ni Mmarekani mweusi, mpaka siku mzee alipojikata kidole akaguta "Yesu wangu!" kwa Kiswahili. Rehema akainuka pale pale.

"Shikamoo, baba."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa Uvira, aliyeishi miaka mingi kwenye kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani kama mkimbizi. Wakongomani wenzake walimwita Papa Furaha, kwa jina la bintiye. Walikaa nje kwenye magogo wakila maharage, na mzee akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mutoto wangu, weye uko na karatasi gani?"

"Grini kadi, baba."

"Na Mutua?"

"Yeye ni raia."

"Ndiyo maana anachekaka." Mzee akaweka sahani chini. "Sikia. Miye nilitumika hapa myaka mbili, bila kuficha kitu. Kodi walikuwa wananikata. Myaka tano ikafika, nikaandika fomu ya uraia. Kazi zangu zote nikaandika, juu nilijua sina kosa. Afisa akaniuliza: hii shamba inalima nini? Nikamuambia. Akaniuliza: ulijua ni bangi? Nikasema ndiyo, iko na laisensi ya serikali. Barua ikakuja. Unajua waliandika nini? Ati sina tabia njema. Miye niliyekuwa naongoza sala mu kambi."

Rehema alihisi maharage yamekwama kooni.

Msomaji, jambo lenyewe ni hili. Leseni ile ni ya jimbo. Uhamiaji ni wa serikali ya shirikisho, na kwa sheria ya shirikisho ya 1970 bangi iliwekwa kundi moja na heroini. Aprili 2019 idara ya uhamiaji na uraia ikaandika waziwazi katika mwongozo wake kwamba hata kuajiriwa kwenye biashara ya bangi inayoruhusiwa na jimbo kunaweza kumkosesha mtu sifa ya tabia njema inayotakiwa kwa uraia. Raia anakata maua, anachukua hundi, anakwenda zake. Mgeni anakaa kiti cha pili, anakata ua la tawi lile lile, na anaweza kupoteza nchi. Na serikali hiyo hiyo ya shirikisho inapokea kodi iliyokatwa kwenye mshahara wa Papa Furaha kila wiki. Naliita dhuluma, kwa sababu sijaona jina lingine. Hakuna kibao getini kinachomwonya mtu. Fomu ya kazi inauliza kama una haki ya kufanya kazi nchini. Rehema alikuwa nayo, na alijibu kweli.

"Baba, mbona bado uko hapa?"

"Niliacha. Niliosha vyombo mu hoteli. Furaha akaingia chuo, kodi ya nyumba ikapanda, nikarudi. Weye bado kijana, toka." Akatazama milima. "Na kitu ingine. Mama yangu alikufa kule Uvira. Wakili akaniambia: ukitoka nje ya inchi, siku ya kurudi wakikuuliza na ukikubali ile kazi, wanaweza kukufungia mulango. Nilimuzika kwa simu."

Usiku ule Rehema alihesabu pesa zake kitandani. Dola 725 zilikuwepo, na nyingine juu yake. Aliitazama fomu ya uraia kwenye simu, mahali panapotaka kazi zote za miaka mitano. Kisha akashuka hadi kwenye swali linalohusu dawa zilizodhibitiwa. Kidole kikaganda hapo.

Simu ikaita mkononi mwake. Namba ya Tanzania, na haikuwa Ijumaa.

"Dada," ilikuwa sauti ya mdogo wake, inatetemeka. "Mama ameanguka. Madaktari wanasema figo zote mbili. Anakutaja wewe tu. Njoo, dada. Njoo sasa."

SEHEMU YA NNE

Ilipoishia: Mama yuko mahututi. Rehema akitoka Marekani anaweza asirudi.

Asubuhi alizungumza na wakili wa uhamiaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu aliyemsikiliza bila kumkatiza. Ushauri wake haukuwa na kona. Acha kazi leo. Usipeleke fomu ya uraia sasa, maana miaka mitano ya kupimwa tabia imeshaguswa. Usisafiri. Na kama utasafiri, usimdanganye afisa wa mpakani hata kwa neno moja, kwa sababu uongo ni kosa jipya kabisa. Lakini hulazimiki kueleza mambo yako bila wakili. Sema unataka wakili, kisha nyamaza.

"Mama yangu ni mmoja," Rehema alimwambia.

"Najua," wakili akasema. "Hifadhi namba yangu kichwani, isiwe kwenye simu tu."

Akapanda ndege San Francisco, akapitia Doha, akashuka Dar es Salaam, akashika basi la Tanga usiku huo huo. Alimkuta mama yake amekonda, mashavu yameingia, lakini macho yapo. Akamlaza kichwa mapajani. Hawakuzungumzia maua.

Mama hakufa. Alianza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na nafuu ikaonekana tangu siku za mwanzo. Alikaa kitandani akaomba uji wa pilipili manga. Mdogo wake alimpeleka Rehema pembeni, akamwonyesha risiti. Akiba yote ya mkasi, pamoja na zile dola 725, ilikuwa imekwisha kabla ya mwezi. Bila mtu wa kutuma pesa, mashine ile ingezimwa. Mtu huyo alikuwa mmoja tu katika ukoo, na kazi yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka ambao huenda umeshafungwa.

"Nenda, mwanangu," mama alisema. "Maua yatanyauka."

Novemba, uwanja wa San Francisco. Foleni ya uhamiaji ilisogea upesi kuliko alivyotaka. Afisa wa kwanza alitazama grini kadi, akachukua alama za vidole, akauliza alikuwa nje kwa muda gani na kwa sababu gani. "Mama anaumwa." Akampa pole, akamwonyesha njia. Rehema akapumua. Alikuwa amebakiza kuchukua begi na kutoka.

Baridi ya kiyoyozi ilimpitia, akalifungua begi dogo, akatoa koti la turubai, akalivaa.

Mbwa alikuwa anapita kati ya abiria na mwongozaji wake, mbwa mweusi mwenye masikio laini. Akampita mzee wa Kihindi, akawapita watoto wawili, akampita Rehema. Akarudi. Akanusa mkono wa koti, akanusa mshono wa mfuko, kisha akakaa chini mbele yake, akatulia, akimtazama mwongozaji wake.

Wakampeleka chumba cha pembeni. Meza, viti vitatu, dirisha la kioo. Wakageuza mifuko yote minne ya koti. Hawakukuta ua wala jani, ila katika mshono wa mfuko wa ndani kulikuwa na ukoko mweusi wa utomvu, mdogo kama punje ya mtama. Simu yake wakaichukua. Mpakani wanaruhusiwa kuipekua. Afisa aliyekaa mbele yake alikuwa na adabu.

"Hili koti ni lako?"

"Nilipewa."

"Unafanya kazi gani, bibie?"

Rehema alijua sentensi ya wakili. Alikuwa ameirudia angani saa kumi na tano, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Akafungua kinywa aseme.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia afisa wa pili, mwanamke mwenye ngozi kama yake, nywele amezibana nyuma, ameishika ile simu. Skrini ilikuwa inawaka. Ujumbe ulikuwa ndio kwanza umeingia, wa Mutua, nusu yake ikisomeka bila hata kufungua: "Dada umefika? Bosi anauliza kama utarudi kumalizia ratili zako..."

Afisa yule aliisoma mara moja. Akaisoma tena. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na Rehema, na alipozungumza mwenzake wa kiume akageuka kumtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuelewa hata neno.

"Dada yangu," alisema, kwa Kiswahili safi cha Mombasa. "Ratili za nini?"

ITAENDELEA